Maelezo kwa Madaktari Wanaokuja Bukavu

Waheshimiwa, mimi ni Cibalonza wa sekretarieti.
Nimeombwa ukurasa mmoja tu:
njia, malazi, bei, namba ya simu.
Nitajaribu.

Mnaoshukia Kamembe, vukeni Ruzizi kwa miguu.
Daraja ni fupi, foleni ndiyo ndefu.
Kitabu cha chanjo kiwe mkononi, si ndani ya sanduku,
kwa maana yule dada wa afya pale dirishani
habababaishwi na cheo:
mwaka jana aliwachoma maprofesa wawili
bega la kushoto, mbele za watu.

Mnaotoka Goma kwa boti ya usiku, chukueni sweta.
Ziwa hili ni la milimani.
Alfajiri mkiona nyumba zimepandana kilima hadi kilima
kama sahani za arusi ambazo hakuna aliyejitolea kuziosha,
mmefika.
Bandarini mtafuteni Mugisho, kofia nyekundu,
ameshika kibao kilichoandikwa UZAZI.
Ndiyo mada yetu. Msimcheke,
wapagazi wenzake wamemcheka vya kutosha.

Dola zenu ziwe mpya.
Noti iliyochanika hata upana wa ukucha
haikataliwi waziwazi hapa:
inasukumwa dirisha hadi dirisha
kama mgonjwa asiye na barua.

Kikao kinafunguliwa saa mbili.
Saa mbili ya Kiswahili, narudia, si ya Kifaransa.
Kuna mtaalamu wa figo aliyetokea mchana, ametia tai,
akatukuta tunakunja vitambaa vya meza.

Malazi.
Masista wa Nguba wana vyumba kumi na vinne,
maji ya moto kwa ndoo, lango hufungwa saa tatu.
Muhumba kuna hoteli yenye jenereta na bustani;
jenereta huzimwa usiku wa manane,
vyura wa bustani hawazimwi.
Chumba cha sita kinatazama ziwa
ila mlango wake unataka kusukumwa kwa goti.
Mvua ikinyesha, Essence msipite na viatu vya ngozi.
Tope la pale halirudishi kitu.

Sasa, Daktari Zihalirwa, safu ya tisa.
Umetuandikia kutoka Liège, Kifaransa kimenyooka:
chumba tulivu, kitanda kigumu kwa ajili ya mgongo,
pasiwe mbali na mji.
Nimepiga simu kote.
Halafu Jumatano mama mmoja aliingia ofisini,
ameshuka Kadutu kwa miguu, mwavuli umelowa,
akauliza kongamano linalipia kitanda dola ngapi kwa usiku.
Nikamwambia.
Akanyamaza, akakunguta mwavuli nje ya mlango, akarudi.
Akasema: "Changu ni cha muvula. Hakibonyei.
Kelele ipo kidogo, jirani ana kinu."
Jina lako hakulitaja.
Alifungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya kliniki
iliyokunjwa mara nne, wino umekuwa rangi ya chai:
mtoto wa kiume, kilo mbili na gramu mia tisa,
usiku, bila taa, mama hajambo.
Akaniwekea mezani kama anayelipa,
kisha akaichukua tena.

Mimi si mshauri wa familia za watu.
Mimi naandika orodha.
Lakini safu ya tisa, penye neno hoteli,
nimeandika kwa penseli:
Kadutu, mwisho wa ngazi, ulizia nyumba iliyopakana na kinu.
Mugisho anaijua njia.
Mfuko utambebea yeye; ngazi utapanda mwenyewe,
na mgongo wako huo.

Kifutio ninacho.
Ukitaka nifute, nijibu kabla ya Ijumaa.

Ninyi wengine wote: leteni tochi.